BETRI ZA MAGARI YA REDIO: KUZICHAJI NA KUZIWEKA BILA KULETA MOTO

Maneno yaliyosemwa bwaloni, siku ya pili ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Kamati imenipa nusu saa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo sisi tulipokuwa hapa tulikuwa tukisinzia darasani bila hata kujificha. Kwa hiyo nimechagua habari yenye moto ndani yake, nione nani atalala. (Kicheko.)

Mnajua ya kwamba Chama kimekubali kuwapa vijana wa klabu ya sayansi magari 6 ya kuchezea yaendeshwayo kwa redio, pamoja na betri 12 na chaja 2. Jana jioni katika kikao yalisemwa maneno mawili. Ndugu mmoja alisema betri hizo ziwekwe bwenini, ndani ya tranka la kiongozi wa klabu, zisije zikaibwa. Mwingine alisema afadhali magari yasiletwe kabisa, maana amesikia betri hizi hulipuka. Mimi sikuafikiana na yeyote kati yao, na Mwenyekiti akaniambia, "Basi kesho utatueleza." Ndiyo sababu nimesimama mbele yenu na meza hii iliyojaa vyungu, mchanga na nyaya, kama mganga aliyekuja kuagua.

Kwanza tuijue betri yenyewe. Sisi tulikua na mawe ya redio. Yakichoka tuliyaanika juani, na yakichoka zaidi tuliyatoboa kwa msumari tukayatia maji ya chumvi, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikasikika. Baadaye, waliopata magari walizoea betri ya tindikali, ile ya kuongezwa maji, ambayo unaweza kuiacha kwenye chaji usiku kucha na asubuhi ukaikuta imejaa, haina kinyongo. Hata magari ya kwanza ya redio ya kampuni ya Tamiya ya Japani, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1976, yalikuja kutumia betri za nikeli na kadimiamu, seli 6 zilizofungwa pamoja, kila moja volti 1.2, jumla volti 7.2. Betri hizo zilivumilia mengi. Ukizichaji kupita kiasi hupata joto, ukizimaliza kabisa hazikasiriki sana.

Sasa yasahauni hayo yote. Betri hii niliyoishika, ambayo vijana huiita lipo, yaani lithiamu polima, haianikwi juani, haitobolewi, na haiachwi kwenye chaji usiku kucha. Desturi zote tatu tulizolelewa nazo ndizo hasa ziletazo moto.

Asili yake ni hii kwa ufupi. Utafiti wa betri za lithiamu za kuchajiwa ulipamba moto katika miaka ya 1970, na Stanley Whittingham akiwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha faida ya kutumia oksidi ya kobalti, na mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaunda betri isiyokuwa na pande la lithiamu tupu ndani yake, iliyo salama zaidi. Kampuni ya Sony ikaanza kuziuza mwaka 1991. Wazee hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Na kobalti hiyo, zaidi ya nusu ya ile ichimbwayo duniani hutoka kwa jirani zetu wa Kongo, pande za Kolwezi na Lubumbashi, ambako Kiswahili husemwa migodini. Basi kitu hiki si kigeni sana kama kinavyoonekana.

Ndani ya seli kuna karatasi nyembamba ya alumini na karatasi nyembamba ya shaba, kila moja imepakwa dawa yake, na katikati yao pamewekwa utando wa plastiki wenye vitundu vidogo mno. Vyote vimelowana katika majimaji ambayo huwaka kama spiriti. Neno polima lisiwadanganye mkadhani ndani ni plastiki kavu. Katika betri hizi za michezo majimaji yamo. Tena badala ya kopo la chuma, seli imefungwa ndani ya mfuko wa alumini na plastiki, mwepesi kama pakiti ya majani ya chai. Uzuri wake ni wepesi. Ubaya wake ni kwamba msumari, jiwe au tairi la gari la kweli laweza kuupasua, na utando ule ukitoboka, upande mmoja ukagusana na wa pili, betri imepiga shoti tumboni mwake yenyewe. Hakuna swichi ya kuizima.

Nguvu iliyomo si ndogo. Hii ina uzito wa robo kilo na ushei. Imeandikwa volti 7.4 na mAh 5000, yaani ampea 5 kwa saa moja. Zidisha, utapata wati 37 kwa saa moja, nguvu iwezayo kuchemsha karibu nusu lita ya maji. Ikitoka polepole hukimbiza gari robo saa au zaidi, ikitoka yote kwa mara moja hupata joto la kuyeyusha plastiki na kuwasha yale majimaji, na moto wa majimaji ni nyongeza juu ya huo wa umeme.

Maandishi mengine juu yake ni "2S" na "50C". Herufi S hueleza idadi ya seli zilizofuatana. Seli moja huhesabiwa volti 3.7, basi 2S ni volti 7.4, na 3S ni volti 11.1. Hiyo C hueleza mara ngapi ya ukubwa wake betri yaweza kutoa umeme, kwa hiyo 50C ya betri hii ingekuwa ampea 250. Watengenezaji wengi hapa hutia chumvi. Tazameni unene wa waya huu, kisha mniambie kama waweza kubeba ampea 250 kwa dakika nzima bila kuungua. Msinunue betri kwa kuvutwa na tarakimu ya C.

Tarakimu za kushika kwa moyo ni tatu, nazo nimeziandika ubaoni. Seli moja ikijaa ni volti 4.20, wala isizidi hapo. Ikiwekwa bila kutumika iwe volti 3.80 hadi 3.85. Ikitumika isishuke chini ya volti 3.0, na mimi kwa klabu ya shule ningesema wakome kwenye 3.4, kwa kuwa kutoka hapo hadi 3.0 ni kama kushuka kwenye jabali. Kwa betri ya seli 2 hesabu ni rahisi: kujaa 8.4, kuwekwa 7.6 hadi 7.7, kukoma 6.8. Zipo pia za aina ya HV, ambazo hujaa kwa volti 4.35 kila seli, na chaja lazima iambiwe hivyo. Lakini sisi tuziache, tusiwachanganye vijana.

Kwa nini isizidi 4.20? Kwa sababu ikizidi, lithiamu hukosa nafasi ya kuingia upande wa grafiti, ikaanza kujipaka juu yake kama kutu ya fedha, na upande wa kobalti nao hulegea ukaanza kutoa oksijeni. Hapo mmeshakusanya mafuta na hewa katika mfuko mmoja. Kilichobaki ni joto. Na kwa nini isishuke sana? Kwa sababu seli ikishuka karibu na kumalizika kabisa, shaba yenyewe huanza kuyeyuka katika majimaji. Ukija kuichaji tena, shaba ile hugandamana mahali pasipo pake, ikajenga daraja la kupigia shoti. Ndiyo maana betri iliyosahaulika ndani ya gari kwa miezi, volti zake zikaisha, haifufuliwi. Mtaani wapo mafundi wanaoziamsha kwa kuzigusisha na chaja ya aina nyingine. Huwaka kweli, tena siku hiyo hiyo mteja hurudi nyumbani amefurahi. Mimi nasema yule fundi amemuuzia mwenzake kibiriti kilichokwisha kupigwa.

Sasa tuje kwenye kuchaji, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko pote.

Chaja iwe ya lithiamu, yenye kusawazisha seli. Mwaiona plagi hii nyeupe ndogo? Betri ya seli 2 ina nyaya 3 hapa, ya seli 3 ina nyaya 4. Kwa njia hiyo chaja huona kila seli peke yake. Bila plagi hiyo chaja huona jumla tu. Itaona 8.4 ikadhani mambo shwari, kumbe seli moja ina 4.0 na nyingine ina 4.4. Ni kama mwalimu wa zamu anayehesabu jumla ya wanafunzi mstarini bila kuita majina. Hesabu yatimia, kumbe wawili wa bweni la pili wamejibia mahali pa watoro.

Kisha chaja huulizwa aina ya betri. Ukichagua nikeli ilhali umechomeka lithiamu, umekwisha kuharibu. Chaja ya nikeli hungoja volti zipande na kushuka kidogo ndipo ijue betri imejaa. Lithiamu haina tabia ya kushuka hivyo, basi chaja huendelea kusukuma hadi mfuko upasuke. Kosa hili la kidole kimoja limesababisha mioto mingi ya lipo katika nyumba za watu. Ndiyo sababu napendekeza klabu yetu isiwe kabisa na betri za nikeli wala chaja zake. Kitu cha aina moja, kosa moja limepungua.

Halafu nguvu ya kuchaji. Kanuni ni mara moja ya ukubwa wake: ya mAh 5000 ichajiwe kwa ampea 5, ya mAh 2200 kwa ampea 2.2. Betri nyingi siku hizi zimeandikwa kwamba zaweza kupokea mara mbili au zaidi. Yawezekana. Lakini kijana wa shule ana haraka gani? Kwa mara moja, betri iliyotumika vizuri hujaa kwa muda wa saa moja hivi. Chaja husukuma kwa nguvu ile ile mpaka seli zifike 4.20, kisha hushikilia volti hapo na kupunguza ampea kidogo kidogo hadi zibaki chache, ndipo ikalia. Msiikatize mwishoni kwa kuwa inaonekana imezubaa. Wakati huo ndio inaposawazisha.

Kabla ya yote hayo, betri ipimwe. Kidude hiki, bei yake ndogo kuliko sahani ya wali na nyama, huchomekwa kwenye plagi nyeupe na kusoma seli zote. Zikitofautiana kwa volti 0.1 au zaidi baada ya kupumzika, betri hiyo ni mgonjwa wa kutazamwa. Ishikwe kwa mkono pia: ikiwa bado ina joto la mchezo, ingoje ipoe. Na itazamwe: ikiwa imevimba hata kidogo, kazi yake imekwisha. Kuvimba ni gesi iliyotokana na yale majimaji kuoza kwa joto na kutumiwa vibaya. Msimruhusu mtu yeyote aitoboe ili "itoe pumzi". Pumzi yenyewe huwaka, na hewa yenye unyevu ikiingia ndani yaweza kuamsha mengine.

Betri ikiwa kwenye chaji, mtu awepo. Sikusema mtu awe shuleni, wala awe chumba cha pili akitazama mpira kwenye simu. Awepo pale, macho yake yaweze kuona na mkono wake uweze kufikia swichi. Umeme ukikatika, kama ujuavyo hapa kwetu, betri ichomolewe, na ukirudi waanze upya tangu kupima. Na asiunganishe betri mbili tatu kwenye chaja moja kwa ule ubao wa kugawia. Watu wazima wazoefu hufanya hivyo, na hesabu yake yajulikana. Lakini betri yenye volti nyingi ikikutana na yenye volti chache hujimimina ndani ya mwenzake bila kuuliza chaja.

Ndugu zangu wa nyanda za juu, kule Makete na Njombe, asubuhi za Juni na Julai huganda barafu majanini. Betri iliyolala kwenye baridi ya namna hiyo isichajiwe kabla haijapata uvuguvugu wa chumba. Chini ya nyuzi sifuri lithiamu hujipaka juu ya grafiti hata kwa chaji ya kawaida. Sisi hapa adui yetu ni jua. Gari lililofungwa vioo saa saba mchana, karibu na kioo cha mbele, laweza kupita nyuzi 60. Kuacha lipo mahali hapo ni kuanika mawe ya redio kwa mara ya mwisho.

Kuziweka ndiko watu hukosea kwa nia njema. Mwenye nyumba akimaliza kucheza husema, "Nitaichaji kabisa, kesho nikitaka iwe tayari." Kesho huwa mwezi wa tatu. Betri iliyojaa ikawekwa hivyo huzeeka upesi, huvimba, na ikipatwa na ajali ina nguvu yote tumboni. Iliyokaribia kumalizika nayo huvuja polepole hadi ikashuka chini ya mpaka. Kwa hiyo ikiwa haitatumika ndani ya siku mbili tatu, irudishwe kwenye 3.80 hadi 3.85. Chaja nzuri ina kazi hiyo maalumu. Hupunguza au huongeza yenyewe. Tena ichomolewe kutoka garini. Swichi ya gari ikizimwa, mitambo mingine bado hunyonya umeme kidogo, na kidogo kwa siku thelathini si kidogo. Mara moja kwa mwezi zipimwe zote na matokeo yaandikwe daftarini. Kila betri ipewe namba kwa kalamu ya wino usiofutika, namba 1 hadi 12, na ukurasa wake.

Zisiguse shilingi, funguo, wala misumari. Chuma kikiunganisha ncha zake mbili cheche zake zaweza kuunguza vidole. Wakati wa kubadili plagi kwa kuyeyusha risasi, waya mmoja ushughulikiwe, ufunikwe, ndipo uguswe wa pili. Mkasi usikate zote mbili kwa pamoja kamwe.

Je, ziwekwe ndani ya nini? Hapa narudi kwa ndugu yangu wa tranka. Tranka la bati lina mfuniko unaobana na kufuli. Betri ikianza kutoa gesi ndani ya sanduku lililobanwa, sanduku lenyewe hugeuka bomu. Hata wale wanaotumia masanduku ya chuma ya risasi za jeshi hung'oa kwanza ule mpira wa kuzuia hewa, ili moshi upate pa kutokea. Na ndani ya tranka la kijana kuna nini? Blanketi, daftari, barua za nyumbani, chupa ya mafuta ya kujipaka. Juu yake kuna godoro la sponji na kijana aliyelala. Sitaki kuwatia hofu, lakini wapo hapa waliokuwa walimu Kilimanjaro mwaka 1994 bweni la wasichana la Shauritanga lilipoungua usiku, na wapo wanaokumbuka Idodi, kule Iringa, mwaka 2009. Hakukuwa na lipo huko. Ni bweni, usiku, na milango michache. Basi betri hizi zisilale bwenini, hata moja, hata usiku mmoja, hata kama kiongozi wa klabu ni mtoto mwaminifu kuliko sote tulivyokuwa.

Kuna mifuko ya kitambaa cha nyuzi za kioo ambayo huuzwa kwa kazi hii. Baadhi ni mizuri, baadhi ni jina tu. Mimi naamini zaidi vitu viwili ambavyo havihitaji kuagizwa Dubai: chungu cha udongo na tofali la saruji lenye matundu. Chungu huwekewa mchanga mkavu chini, betri ikalazwa juu ya mchanga, waya ukatokea mdomoni. Juu yake huning'inizwa au huwekwa mfuko mwembamba wa plastiki uliojaa mchanga mkavu. Moto ukiwaka, plastiki huyeyuka na mchanga humwagika wenyewe juu ya betri. Mchanga hauzimi mwako wa ndani, nawaambia wazi, kwa kuwa betri ina oksijeni yake. Ila huzuia ndimi na cheche zisirukie vitu vingine, na hilo ndilo tunalolitaka.

Moto wenyewe ukitokea, watu watoke kwanza. Moshi wake una sumu, miongoni mwake floridi ya hidrojeni, ambayo huchoma mapafu. Mwenye kukaa zamu akate umeme kwenye swichi kuu ikiwa swichi iko njiani, kisha naye atoke. Betri moja ya ukubwa huu huwaka kwa dakika chache ikaisha. Vizima moto vya unga huangusha ndimi lakini havipoozi seli, nayo yaweza kuwaka tena.

Hapa kuna jambo ambalo kidato cha pili walitufundisha vizuri, nasi tukalikumbuka vibaya. Mwalimu alitupa kipande cha sodiamu ndani ya beseni la maji, kikakimbia, kikawaka, mmoja wetu akaruka dirishani. Lithiamu ni ndugu yake, basi watu husema betri ya lithiamu isimwagiwe maji. Lakini ndani ya betri hii hakuna pande la lithiamu kama lile la sodiamu. Imo ndani ya misombo, na ile iliyo tupu, kama ipo, ni chembe. Umeme wa ukutani ukishakatwa, maji mengi ni msaada mkubwa, kwa sababu hupooza betri na kulinda vilivyo karibu. Maji kidogo ya kikombe hayafai kitu. Ndoo, tena kutoka mbali.

Gari likigonga ukuta kwa kishindo, betri itolewe, iwekwe nje juu ya saruji, itazamwe kwa nusu saa au zaidi kabla ya kurudi ndani. Hazikasiriki zote papo hapo. Na iliyokufa au kuvimba isitupwe jalalani penye kuchomwa taka. Imalizwe nguvu, nje, mbali na nyumba, kwa kuiunganisha na balbu ya gari ya volti 12 na wati 21 kama hii ya taa ya breki, ikae saa kadhaa hadi balbu izime na kipimo kisome karibu na sifuri. Kisha ncha zifungwe kwa utepe na ipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki mjini. Wapo wanaotumbukiza betri ndani ya maji ya chumvi kwa kazi hiyo. Njia hiyo hula ncha za betri kabla nguvu haijaisha, ukadhani imekufa kumbe imefumba macho tu.

Neno moja kwa wenzetu walioko Muscat, Dubai na Ulaya, ambao ndio watakaotuletea betri za akiba. Kwenye ndege betri isiyofungwa ndani ya chombo huchukuliwa mkononi, haiingii katika mzigo wa tumboni mwa ndege, na ncha zake hufunikwa. Hadi wati 100 kwa saa kwa betri moja hakuna kibali kinachohitajika kwa kawaida. Kutoka 100 hadi 160 shirika la ndege liombwe ruhusa. Hizi zetu ni 37, zimo ndani ya mpaka. Waulizeni shirika lenu kabla ya safari, kwa kuwa baadhi huweka idadi yao.

Sasa shauri langu, Ndugu Mwenyekiti. Lile banda la jenereta nyuma ya karakana, ambalo jenereta yake iliuzwa, lina sakafu ya saruji, kuta za matofali, na madirisha ya nyavu pande mbili. Mabati yake hupata joto, lakini liko chini ya mwembe na mchana kivuli hulifunika. Bweni la karibu liko mbali nalo kwa hatua zaidi ya mia. Nimezihesabu leo asubuhi. Tununue tofali 6 za saruji zenye matundu mawili mawili: betri 12, kila moja na chumba chake, haziangukiani. Vyungu 2 viwe vya kuchajia, kimoja kwa kila chaja, na cha 3 kiwe hospitali ya betri zinazoshukiwa, kikae nje chini ya upenu. Ndoo 4 za mchanga, mapipa 2 ya maji, swichi kuu ihamishwe iwe nje ya mlango. Ufunguo wa banda ukae kwa mwalimu wa fizikia, ambaye amekubali, na kuchaji kuwe Jumamosi asubuhi na Jumatano baada ya vipindi, mwalimu au msaidizi wake akiwapo. Jua likitua, hakuna kuchaji.

Kwa ndugu aliyesema magari yasiletwe, namjibu kwa heshima. Vijana hawa wanazo simu zenye betri za jamaa hiyo hiyo, na pikipiki za umeme zinaingia mijini kila mwezi. Watakutana na lithiamu iwe tumetaka au hatukutaka. Kijana aliyeandika volti za betri namba 7 kwa mwaka mzima atajua la kufanya atakapoona betri ya pikipiki ya mjomba wake imevimba. Gharama ya banda si kubwa. Nimempa Mweka Hazina karatasi yenye bei za saruji, nyaya na swichi, na naomba zitoke kabla ya magari kukabidhiwa, si baada.

Vyungu vitatu nimekwisha kununua, navyo ndivyo hivi mnavyoviona mezani. Mchanga uko nyuma ya gari langu. Baada ya chai naomba vijana wawili wenye nguvu wanifuate hadi bandani, na Mwalimu Mkuu akipenda aje aone mahali swichi itakapokaa.